Chiriku wa Injini Kando ya Ziwa Mweru

Msafiri atokaye Mansa, makao makuu ya Mkoa wa Luapula nchini Zambia, akishika njia ya kaskazini kwenda Nchelenge, husafiri zaidi ya kilomita 200, na ni nadra apite mwendo mrefu bila kuona nyumba ya mtu. Barabara hufuata bonde la Mto Luapula. Mkono wa kushoto, ng'ambo ya mto na vinamasi vyake vipana, ni nchi ya Kongo. Mkono wa kulia ardhi huinuka taratibu kuelekea nyanda za Kawambwa. Baina ya pande hizo mbili vijiji vimejipanga kama shanga katika uzi: nyumba za matofali, miembe mikubwa yenye kivuli, mihogo iliyoanikwa, na watoto wanaopunga mikono kila gari lipitapo. Msafiri hupita Mwense, kisha Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, ambako kila mwaka mwishoni mwa Julai watu hukusanyika kwa sherehe ya Umutomboko. Baada ya hapo bonde hufunguka, upepo hubadilika harufu, na maji huonekana.

Hilo ndilo Ziwa Mweru. Jina lenyewe katika lugha kadhaa za Kibantu maana yake ni ziwa tu, kana kwamba wenyeji hawakuona haja ya kulitofautisha na jingine. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 130, eneo lake hupita kidogo kilomita za mraba 5,000, nalo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kina chake hakifiki mita 30. Mto Luapula huingia kusini. Na kaskazini, penye mji wa Pweto wa Kongo, maji hutoka kwa jina la Luvua, yakaendelea na safari yake hadi Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Nchelenge ni mji wa ofisi za wilaya. Kashikishi, uliopakana nao, ni mji wa soko na samaki. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia.

Kiswahili si mgeni katika pwani hii. Mwaka 1867 misafara ya wafanyabiashara wa kutoka Unguja na mrima ilikuwa imekwisha kuzoea njia za huku, na Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa akifanya biashara na vita katika nchi iliyo baina ya Mweru na Tanganyika. Katika mwaka huo huo, tarehe 8 Novemba, David Livingstone alilifikia ziwa hili baada ya kusafiri pamoja na watu wa misafara hiyo. Bidhaa za siku zile zilibebwa mabegani mwa wapagazi, na wengi wao hawakuifanya kazi hiyo kwa hiari yao. Siku hizi mzigo hubebwa na lori na pikapu. Mpagazi aliyeumia mguu aliweza kusema alipoumia. Gari nalo husema, lakini lugha yake ni mlio, na asiyejifunza kuusikiliza husikia kelele tu.

SAMAKI HAWANGOJI

Riziki ya Nchelenge ni samaki. Wako pale, jamaa ya perege, wanaouzwa wabichi au wakiwa wamekaushwa kwa moshi. Wako chisense, samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Mtu wa Kigoma akiwaona atasema bila kusita kwamba hao ni dagaa. Zamani alikuwako kwa wingi pia mpumbu, aliyepanda Mto Luapula wakati wa mvua ili kutaga mayai. Huyo alivuliwa kupita kiasi, hata kufikia katikati ya karne ya 20 akawa adimu.

Lakini samaki aliyeko Kashikishi bado hajawa fedha. Fedha iko mbali, katika miji ya migodi ya shaba. Lori hutoka ziwani na kurudi kusini hadi Mansa, kisha huvuka Luapula penye Chembe, ambapo daraja lilichukua nafasi ya kivuko mwaka 2008, likapita katika ulimi wa ardhi ya Kongo hadi kuingia tena Zambia upande wa migodi. Aghalabu mwenye mzigo si tajiri. Ni mama mwenye mtaji wa kapu chache, aliyelipa nauli yake na ya samaki wake, naye ameketi juu ya mzigo huo huo. Mwezi wa Oktoba, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, lori likisimama saa sita njiani kwa ubovu, barafu huyeyuka na mtaji wa mama huyo huharibika mbele ya macho yake.

Si samaki peke yao wanaongoja gari. Wagonjwa wa vijiji vya pwani hupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Paulo iliyoko Kashikishi. Aidha, mwaka 2017 maelfu ya watu waliyakimbia mapigano ya kusini-mashariki mwa Kongo wakaingia wilaya hii, na mwanzoni mwa mwaka 2018 ikafunguliwa makazi ya Mantapala ili kuwapokea. Chakula, dawa, mablanketi na watu wenyewe vilihitaji magari. Askari na polisi wanaosoma ukurasa huu wanajua vema kwamba katika kazi za namna hiyo gari moja lililolala barabarani huweza kuchelewesha shughuli ya siku nzima.

MLIO UNAOKUJA NA KUONDOKA

Alfajiri kando ya Mweru ina sauti nyingi. Ndege hulia katika matete, makasia hugonga ubavu wa mitumbwi, na watu huamkiana kwa Kibemba: "Mwashibukeni!" Kisha dereva huwasha pikapu yake, na katikati ya ngurumo ya injini husikika sauti nyembamba, fupi fupi, yenye mapigo: chi-chi-chi-chi, kama chiriku aliyenaswa chini ya boneti. Baada ya dakika kumi sauti hiyo hutoweka. Dereva hutabasamu, akatia gia na kwenda zake.

Kesho yake hurudi. Kesho kutwa haipo. Siku ya mvua huzidi, siku ya jua hupungua. Gari likipelekwa kwa fundi, chiriku hunyamaza kimya kama mtoto aliyemwona mwalimu, na fundi hurudisha boneti akisema hakuna ubaya. Hii ndiyo tabia inayowapoteza wengi. Ubovu unaoonekana kila siku hutengenezwa. Ule unaokuja na kuondoka husamehewa, na msamaha huo ndio unaolipiwa gharama siku nyingine, aghalabu mahali pasipo na duka wala fundi.

Kwa nini mlio huu uwe na asubuhi yake? Usiku wa ziwani, hasa Juni na Julai, huwa na ubaridi na umande. Unyevu hutanda juu ya mkanda wa feni na juu ya puli zake. Mkanda uliochakaa, au unaopita katika puli zisizokaa mstari mmoja, hushika na kuteleza, ukashika tena na kuteleza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Kila mtelezo ni mlio mmoja mfupi. Injini ikipata moto unyevu hukauka, na mlio hukoma. Kwa hiyo joto halikuponya kitu, limekausha tu. Kasoro iliyousababisha ingali palepale.

KWANZA ULIZA, HALAFU FUNGUA

Fundi mwema hufanya kama tabibu mwema: huuliza kabla ya kushika. Mlio huanza injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Husikika gari likiwa limesimama, au hadi litembee? Huenda mbio pamoja na injini, au pamoja na magurudumu? Dereva anayejibu maswali haya amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana moja. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na mwendo wa injini uongezwe kidogo kidogo. Mlio ukisikika na kuongeza mapigo yake kadiri injini inavyoongeza mwendo, basi chiriku yumo katika injini. Usiposikika kabisa, lakini ukatokea gari litembeapo polepole, basi haifai kupoteza siku chini ya boneti. Huenda ni ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ambayo misalaba yake imekaukiwa grisi. Magari yanayopita katika vumbi na matope ya njia za ndani, kama zile ziendazo Chiengi na vijijini, hupata ubovu huu, nao huigiza mlio wa injini kwa ustadi mkubwa.

Jaribio la pili ni la mguu. Dereva akanyage klachi taratibu hadi mwisho, kisha aiachie. Ikiwa mlio huzaliwa au hufa kwa kufuata mguu wake, beringi za klachi na za gia ndizo za kutazamwa, wala mkanda wa feni hauna hatia.

Jaribio la tatu ni la kuzidisha kazi. Taa kubwa ziwashwe, na kiyoyozi kama kipo. Kisha usukani uzungushwe kushoto na kulia. Alteneta ikidaiwa umeme mwingi huwa nzito kuzungushwa. Vivyo hivyo pampu ya usukani. Mkanda uliolegea huonyesha udhaifu wake wakati huo. Mlio mfupi wa chiriku huweza kugeuka kuwa ukelele mrefu, na hapo dereva ajue kwamba mkanda hauumi vya kutosha katika puli zake.

KIJIKO CHA MAJI

Katika majaribio yote, lililo rahisi kuliko mengine, na linalojulikana na mafundi wa pande nyingi za dunia, ni lile la maji. Injini ikiwa inanguruma na mlio unasikika, fundi hunyunyiza maji machache, kiasi cha kijiko, juu ya uso wa mkanda unaogusa puli, akijihadhari yasiingie katika alteneta. Kisha husikiliza.

Majibu huwa matatu. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, au umechakaa hata hauna tena nguvu ya kushika, au puli ya kukazia imechoka. Mlio ukinyamaza kwa muda mfupi na kurudi maji yakaukapo, shaka huangukia mpangilio: puli moja imekaa mbele au nyuma ya wenzake, au imepinda, au mbavu za mkanda zimelika upande. Mlio usipobadilika hata kidogo, mkanda huenda hauna lawama, na yapasa kutafuta katika beringi. Huenda pia ni moshi unaopenya katika maungio ya ekzosi. Huo wa ekzosi hulia zaidi injini ikiwa baridi au ikipandisha mlima na mzigo, na huacha alama ya masizi meusi pale unapotokea.

Baada ya masikio ni zamu ya macho. Injini izimwe na ufunguo utiwe mfukoni mwa anayefanya kazi, ili mtu mwingine asije akawasha kwa bahati mbaya. Mkanda utazamwe kwa urefu wake wote. Ubavu unaong'aa kama kioo ni ubavu unaoteleza. Nyufa nyingi, nyuzi zilizochomoza, au mafuta yaliyodondokea, yote hayo ni hati ya kuustaafisha. Katika magari ya zamani yenye mkanda wa umbo la kabari, kidole gumba kikiubonyeza katikati ya puli mbili, uzame kiasi cha sentimita 1. Magari mengi ya siku hizi yana mkanda mmoja mrefu wenye mifereji na puli inayojikaza yenyewe; hapo hutazamwa kama puli hiyo hutikisika ovyo injini iwapo kazini. Uzi ulionyooshwa kutoka puli moja hadi nyingine hutosha kuonyesha ipi imetoka katika mstari.

MKANDA HULIA, BERINGI HUUMWA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Madereva wengi, wakisikia mlio, hununua mkanda mpya. Mlio hukoma siku hiyo hiyo, nao huamini kwamba wamepona. Kumbe mara nyingi mkanda ulikuwa ukilia kwa niaba ya mwingine.

Mchukue dereva wa pikapu ya samaki anayefanya safari za Kashikishi na Mansa. Beringi ya pampu ya maji ya gari lake imeanza kulika. Haijapiga kelele bado, lakini imeacha nafasi kidogo, na puli yake imeinama unywele mmoja tu. Unywele huo watosha kuufanya mkanda uingie katika puli kwa ubavu, na mkanda huanza kulia asubuhi. Dereva anafunga mkanda mpya. Mpira wake ni laini, mbavu zake ni kali, hivyo huishika puli iliyoinama bila kulalamika. Zinapita wiki mbili za ukimya. Wakati huo wote beringi inaendelea kulika. Kisha mkanda mpya nao hupata chakavu ile ile, na chiriku hurudi. Dereva humlaumu muuza mikanda kwamba amemuuzia kitu hafifu, anaikaza alteneta kwa nguvu zake zote, na mlio hukoma tena.

Sasa amefanya kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta pampu na alteneta upande mmoja, na beringi iliyokuwa imebakiwa na miezi hubakiwa na siku. Siku moja ya Oktoba, kabla ya kufika Mwense, akiwa na mzigo na akina mama juu yake, beringi huachia. Puli huyumba, mkanda hutoka au hukatika. Taa nyekundu ya betri huwaka katika dashibodi. Baada ya dakika chache mshale wa joto hupanda, kwa sababu katika injini nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Dereva akisimama papo hapo, amepoteza siku na samaki. Akisema moyoni kwamba atajikokota hadi kijiji kinachofuata, huenda akaunguza gasketi na kupindisha kichwa cha injini, na hapo hasara haihesabiwi tena kwa makapu.

Yote hayo yangeweza kugunduliwa Kashikishi, siku ya kwanza ya mlio, kwa kazi ya nusu saa. Injini ikiwa baridi na imezimwa, mkanda huvuliwa, na kila puli huzungushwa kwa mkono. Puli nzima huzunguka laini na kimya. Puli mbovu hukwaruza kama yenye mchanga ndani, au hucheza ikitikiswa mbele na nyuma. Pampu ya maji huwa na tundu dogo chini ya mhimili wake, lililowekwa makusudi. Likionekana na unyevu, au alama ya maji yaliyokauka, pampu inatoa taarifa ya mwisho. Kama mafundi bado wana shaka, injini yenye pampu inayozungushwa na mkanda huo huwashwa kwa nusu dakika tu mkanda ukiwa umevuliwa, kisha ikazimwa. Mlio ukiwa umetoweka, adui yumo miongoni mwa mkanda na vile unavyovizungusha. Ukiwa ungalipo, atafutwe kwingine.

Kwa kutambua beringi ipi inalia pasipo kuvua kitu, mafundi wa zamani walitumia fimbo kavu au bisibisi ndefu: ncha moja hugusishwa kwenye kasha la alteneta au la pampu, nyingine huwekwa karibu na sikio. Sauti ya beringi mbovu hupanda katika fimbo wazi kabisa. Lakini kazi hii ni ya mtu mtulivu. Fimbo iguse kasha lisilozunguka, isiguse mkanda wala feni kamwe. Na mikono mirefu ya shati, tai, kanga na nywele ndefu viwe mbali. Mkanda uendao mbio hauna huruma ya kidole.

DAWA ZISIZO DAWA

Katika kila stendi yuko mjuzi atakayeshauri mkanda upakwe sabuni. Wako wanaotumia mafuta ya kupikia, na wako wanaomwagia soda. Mlio hunyamaza kweli, kwa kuwa kitu kinachoteleza bila kushika hakina cha kulilia. Lakini mkanda uliopakwa mafuta huvimba na kulegea, nao huacha kuvuta pampu na alteneta sawasawa. Soda hunata kwa saa kadhaa, halafu hukusanya vumbi. Dereva aliyepaka sabuni amemziba mlinzi mdomo usiku ambao mwizi yumo uani.

Lipo pia jambo la majira ambalo ni la pwani hii hasa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Mweru, kama katika maji mengi ya Zambia, ili samaki wapate kuzaana. Miezi hiyo ndiyo ya mvua nyingi. Gari la mtu anayetegemea samaki peke yao huweza kukaa siku nyingi bila kuwashwa, na puli zake hushika kutu katika uso unaogusa mkanda. Machi ziwa linapofunguliwa, kila mtu huwa na haraka, injini huwashwa, na chiriku huanza kuimba. Mlio wa kutu huisha wenyewe baada ya mwendo mfupi, na hauna madhara makubwa. Lakini usiporudi kimya baada ya safari ya siku mbili tatu, huo si wa kutu tena. Aliyelitumia Februari kukagua gari lake hataubahatisha mlio huo Machi, ataujua.

KAZI YA DEREVA NA YA JAMAA

Katika vikosi kila gari lina daftari lake, na hilo ndilo dawa ya ubovu unaokuja na kuondoka. Dereva wa zamu ya asubuhi husikia mlio, yule wa jioni hausikii, na kila mmoja humwona mwenzake mwongo. Mistari minne ya wino humaliza ubishi: saa ngapi mlio ulisikika, injini ilikuwa baridi au moto, kulikuwa na mvua au jua, na gari lilikuwa limesimama au likitembea. Zikikusanyika siku kumi za maandishi kama hayo, ugonjwa huanza kujitaja wenyewe. Mwenye gari la nyumbani hahitaji daftari la serikali. Nyuma ya kalenda patamtosha.

Jamaa wa dereva nao wana sehemu yao. Aliye ndani ya gari hufunikwa na ngurumo, redio na mazungumzo; aliye nje, mke anayefungua lango au mtoto anayemsindikiza baba, husikia mlio kabla yake. Neno lao lisidharauliwe kwa sababu hawajui kuendesha. Watoto waambiwe wasikie kwa mbali, na wasisogelee boneti iliyo wazi.

Kabla ya safari ndefu ya ziwani, mambo haya yawemo katika sanduku la vifaa: mkanda wa akiba ulionunuliwa kwa kulinganisha namba iliyopigwa chapa mgongoni mwa ule wa zamani, wala si kwa kukadiria urefu kwa mikono, spana za kulegeza na kukaza, tochi, na madumu ya maji safi. Mkanda ukikatika njiani injini izimwe mara moja, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi upoe, kwa kuwa maji yaliyo ndani huruka na kuunguza uso. Na kabla ya kufunga mkanda wa akiba kila puli izungushwe kwa mkono. Kumpa beringi mbovu mkanda mpya ni kuupoteza mkanda huo pia.

Nchelenge ni mahali pa kumfundisha dereva adabu hiyo. Duka lenye kifaa cha gari lake laweza kuwa Mansa, au mbali zaidi katika miji ya migodi, na mzigo wake hauvumilii. Huko hakuna anasa ya kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi mlio ukome. Yambidi asikilize, apange maswali yake, ajaribu lililo rahisi kabla ya lililo ghali, na ajue kwa hakika kabla ya kutoa fedha. Mlio ukinyamaza bila kitu kutengenezwa, dereva wa namna hiyo hashangilii. Huchukua kalamu akaandika saa, na kesho alfajiri, kabla abiria hawajapanda, hufungua boneti.